Jina la Mama Lilivyoshuka Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, kwetu Machame, niliposimama nyuma ya zizi na ndoo mkononi nikamsikia mama yangu akizungumza na ng'ombe. Hakuwa akimbembeleza ateremshe maziwa, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa akimtamkia neno ambalo lilikuwa halijasikika katika kihamba chetu, shamba la ukoo, tangu babu zetu walipopanda migomba ya kwanza. "Samanta," alisema. Akakamua kidogo, akarudia. Mara ya tatu ulimi ulimteleza likatoka "Samanda", naye akatikisa kichwa na kuanza upya, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa fimbo.

Mwanangu, wewe unayesubiri mtoto, au uliyempata na bado unamtafutia jina, nipe muda wako. Nimekaa miaka mingi katika kazi ya kanisa, nimesimama karibu na maji ya ubatizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nimesikia majina ya kila namna. Lakini yote ninayoyajua kuhusu jina yalianzia pale zizini.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wewe hukuiona. Sisi tuliotoka kwenye foleni za sukari tulishangaa kuona sabuni imerudi madukani, tena yenye harufu, na nguo za mitumba zimetandazwa chini kila siku ya soko. Kaka yangu Wilfredi aliingia katika biashara hiyo ya mitumba. Alikuwa akienda Holili, mpakani, akirudi na marobota, na pamoja na marobota alirudi na habari za dunia. Alikuwa ameanza kuangalia video mjini kwa marafiki zake. Humo ndimo alimolipata jina la Samanta, na mke wake Agnesi alipojifungua mtoto wao wa kwanza, msichana, Wilfredi alitangaza kwamba ndivyo atakavyobatizwa.

Hapa inabidi nikueleze desturi yetu, maana siku hizi vijana wengi mnazaliwa Dar es Salaam na kuja nyumbani Krismasi tu. Kwetu, msichana wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa baba yake. Wa pili huchukua la bibi wa upande wa mama. Hakuna kikao kinachoitwa kuamua hilo. Mwanamke akishaozesha mwanawe wa kiume anajua kwamba, Mungu akijalia, siku moja atamsikia mtu akiliita jina lake uani, na atakayeitikia kwa mbio ni mtoto mdogo. Ni furaha ambayo wanawake wa mlimani huisubiri bila kuitaja.

Mama yangu aliitwa Ndekirwa. Kwa Kichaga ni kusema, nimeponywa.

Lilikuwa jina la nadra hata wakati ule. Usharika mzima sikumjua mwingine. Wilfredi alikuwa na sababu zake, na nisingependa umdharau kwa hizo. Aliposoma shule ya bweni mbali na nyumbani, wenzake walikuwa wakilisoma jina la mama yake kwenye barua alizotumiwa na kuangua kicheko. Walimwambia ni jina la dawa ya mifugo. Sasa alikuwa anafikiria kuhamia Dar, na aliniambia kwamba hataki binti yake asimame mbele ya darasa kila mwaka akimfundisha mwalimu mpya kumtamka. "Mama mwenyewe wanamwita Mama Wilfredi," alisema. "Nani analitumia hilo jina?"

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa shule ya Jumapili, na nilijiona najua vizuri amri ya kuwaheshimu baba na mama. Asubuhi ile, baada ya kumsikia na ng'ombe wake, niliweka ndoo chini nikamwambia mama kwamba nashuka sokoni kumkumbusha Wilfredi wajibu wake, na kama hasikii nitamwita baba mdogo, na mzee wa kanisa pia.

Mama hakuacha kukamua. Aliniuliza tu kama nimewapelekea kuku maji. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Nikilidai, kila watakapomwita yule mtoto watakuwa wananilipa. Mimi sitaki kulipwa. Na kama ameamua ni Samanta, basi sitaki kila mtu amwite mjukuu wangu vizuri, halafu bibi yake peke yake amwite vibaya. Niache nijifunze."

Nikaokota ndoo yangu. Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi juu ya unyenyekevu, mengine nimeyahubiri mwenyewe. Sijasikia lililozidi lile.

Siku zile Agnesi alikuwa bado ndani, kwenye uzazi. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu hivi, hafanyi kazi, analishwa. Aliyemlisha ni mama. Kila siku alimpikia mtori, akasaga ndizi na nyama mpaka zikalainika, akampelekea na maziwa, akakaa kumwangalia anywe. Mtoto aliitwa mtoto, basi, maana ubatizo ulikuwa umepangwa afikishe miezi mitatu. Agnesi alikuwa mwanamke mpole, mwenye maneno machache, na chumba alicholala kilikuwa kinapakana na zizi kwa ukuta wa mbao. Hilo la ukuta sikulifikiria wakati ule.

Kabla ya miezi hiyo kutimia, mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Ilianza kama mafua tu. Kufikia asubuhi ya pili mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na alikuwa ameacha kunyonya. Wilfredi alikuwa Holili na hakukuwa na simu ya kumwita. Tulimfunga mtoto kwa kanga na blanketi, mimi na Agnesi tukashuka naye Moshi mjini, hospitali. Mama alibaki kwa sababu ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Alitusindikiza mpaka barabarani, akamwekea mtoto mkono kichwani na kufungua mdomo amwite. Nilimwona akitafuta jina. Akafunga mdomo, akasema, "Nendeni na Mungu."

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa wawili wawili kitandani na watoto wao mapajani, kutoka kila upande wa mlima na kutoka tambarare pia. Kitanda chetu tulikigawana na mama mmoja wa Kahe, Mwislamu, mcheshi, aliyeitwa Mama Halima. Alikuwa amemleta mvulana wake, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa. Jirani alikuwepo mama mwingine, kijana, wa Shirimatunda, na mtoto wake wa kiume, ambaye hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya wote.

Nesi alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi uani. Alikuja na kadi akamuuliza Agnesi jina la mtoto. Mimi nikajibu haraka kwamba hajabatizwa, aandike mtoto wa Agnesi. Agnesi akanigusa mkono. Akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kusita, "Andika Ndekirwa."

Nesi akajaribu. Likatoka "Ndekiliwa". Akacheka mwenyewe, akasema kwao herufi hiyo ya katikati haijawahi kufika. Mama Halima naye akajaribu, likatoka "Ndekiriwa", refu kidogo, kama mtu anayevuka mfereji kwa hatua pana. Wanawake wakaanza kulirushiana kutoka kitanda hadi kitanda, kila mmoja na lafudhi ya kwao, na kwa mara ya kwanza tangu tufike palikuwa na kicheko mle ndani. Kisha Mama Halima akauliza maana yake ni nini.

"Nimeponywa," Agnesi akasema.

Kicheko kikakatika. Hebu fikiria, mwanangu. Chumba kizima cha watoto wanaohema kwa shida, na katikati yao mmoja, ambaye bado hajaweza hata kunyonya, anaitwa hivyo. Mama wa Shirimatunda ndiye aliyeuliza. Hakusema kwa ubaya. "Unamwita hivyo na bado anaumwa?"

"Ni jina la bibi yake," Agnesi akajibu. "Sikulichagua kwa sababu ya ugonjwa. Lilikuwa lake tangu kabla hajazaliwa, ila tulichelewa kumpa." Kisha akanigeukia mimi na kuniambia polepole kwa Kichaga, ili wengine wasisikie, kwamba kila asubuhi alikuwa akimsikia mama kupitia ukuta wa mbao, akijifunza Samanta, na kwamba amechoka kulia kabla ya chai.

Tangu hapo nesi alikuwa akisimama mlangoni wakati wa dawa na kuita majina. Alipofika kwa letu alijitahidi sana, na wanawake wakawa wanamsaidia kwa pamoja, kama kwaya. Kila mmoja wao, mwanangu, alikuwa akitamka uponyaji ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Sikuwa nimewahi kusikia sala ya namna ile, na wao hawakujua kwamba wanasali.

Mama alishuka siku iliyofuata. Ng'ombe alikuwa amezaa salama, ndama jike, naye akamwachia jirani. Alikuja na chupa kubwa ya chai iliyojaa mtori, ameivika sweta isipoe. Alikuwa ndiyo kwanza anakanyaga mlangoni, anatafuta kwa macho tupo kitanda gani, wakati nesi, aliyekuwa ameupa mlango mgongo, alipoita kwa nguvu zake zote, "Ndekiliwa!"

"Abee," mama akaitika.

Aliitika kwa sauti ya msichana. Sina njia nyingine ya kukueleza. Labda hakuna aliyekuwa amemwita jina lile tangu baba yetu alipofariki. Nesi akageuka akamwona bibi kizee na chupa yake, akasema kwa upole, "Shikamoo mama. Siyo wewe. Namwita mtoto."

Mama akatutazama. Agnesi alikuwa amemwinua mtoto kidogo mapajani, kama mtu anayeonyesha kitu alichokuwa ameficha. Mama aliiweka chupa sakafuni pale pale mlangoni, akatembea mpaka kitandani, akainama karibu na uso ule mdogo. Akaita jina lake mwenyewe, polepole, akilitamka kama linavyotamkwa, na herufi zote zikiwa mahali pake. Wanawake wote wakamsikiliza. Nadhani ndipo walipojifunza.

Sitakudanganya kwamba mtoto alinyonya saa ile ile. Alichukua siku kadhaa, na ilikuwa ni sindano, na ilikuwa ni nesi yule asiyechoka, na Mungu alikuwa ndani ya yote hayo. Na katika siku hizo hizo, mtoto wa mama wa Shirimatunda alifariki. Ilikuwa mchana, watu wakila. Kabla hajaondoka, mama huyo alikuja kitandani kwetu, akamwomba Agnesi ampe mtoto wetu amshike kidogo. Akamshika, akamwita Ndekirwa, sawasawa, akamrudisha, akaenda zake. Nilikuwa na mistari mingi ya Biblia kichwani, na hakuna hata mmoja uliokubali kutoka.

Wilfredi alirudi tukiwa tumeshapanda nyumbani na mtoto ananyonya kwa fujo. Habari zote alizipata njiani, maana kwetu habari husafiri haraka kuliko gari. Alipoingia uani hakuwa na robota. Alikuwa na jani la isale mkononi, lililofungwa fundo. Nawe unajua, au kama hujui jua leo, kwamba kwetu mtu akikujia na isale anakuomba radhi, na huwezi kukataa, hata kama alikukosea nini. Alipiga goti mbele ya mama, mwanamume mzima, mfanyabiashara wa mpakani, na kumpa lile jani kwa mikono miwili. Alisema asamehewe, na kwamba mtoto atabatizwa Ndekirwa.

Mama alilipokea, akamwinua. Kisha akasema kwa uso mkavu kabisa, "Na Samanta niliyojifunza nitaipeleka wapi?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Jina la Samanta akapewa yule ndama. Alikua akawa ng'ombe mzuri wa maziwa, mwenye kiburi, na kwa miaka mingi wapita njia walimsikia mama akimwita bila kosa hata kidogo, nao wakashangaa bibi huyu aliwahi kuishi Ulaya lini.

Ningeweza kuishia hapo, lakini lililonifanya niandike lilikuja baadaye.

Mama Halima alirudi Kahe na mvulana wake mzima, akajifungua msichana. Msikitini walimpa jina lao, jema kabisa. Nyumbani walimwita Ndekiriwa. Jirani yake naye akalipenda. Mwanamke mwingine aliyekuwa wodini, mke wa mfugaji wa kule Sanya Juu, alilipeleka kwao, na siku moja nikiwa soko la Sanya Juu, natafuta maharage, nilimsikia mama wa Kimasai akimkaripia mtoto aliyekuwa akichezea mzani, akimwita kwa jina la mama yangu, ile herufi ya katikati ikivingirika kinywani mwake kama jiwe mtoni. Niliacha maharage. Nilimuuliza alikolipata. Akasema ni jina la kwao, la siku nyingi.

Miaka ikapita, nikasoma chuo cha Biblia, nikawa mwinjilisti, nikapangiwa Shirimatunda. Jumapili moja, kabla ya ibada, akaja mwanamke na kichanga kwa ajili ya ubatizo. Nilimtambua mara moja, naye alinitambua. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akanijibu, "Mpe lile."

Nilimuuliza kama ana hakika. Nilifikiri juu ya mvulana wake, na chakula cha mchana kilichopoa wodini.

"Mwanangu hakupona," alisema. "Mimi ndiye niliyeponywa, ilichukua muda tu. Andika."

Nikaandika. Katika ubatizo ule nilisimama karibu na mchungaji nikiwa kama mtu aliyevuliwa viatu.

Nilipopanda nyumbani nilimsimulia mama. Nikamuuliza pia swali lililokuwa likinisumbua. Jina lake yeye lilitoka wapi? Akasema alilichukua kwa bibi yake, na huyo kwa bibi yake, na kuendelea nyuma mpaka mahali ambapo hakuna anayekumbuka. Mtu fulani, zamani, kabla ya kanisa, kabla ya kahawa, aliponywa kitu fulani. Ugonjwa wenyewe umesahaulika, na aliyeugua amesahaulika. Shukrani yake ndiyo iliyobaki, ikipita kutoka kinywa hadi kinywa, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Nilimuuliza pia kama haumii kusikia linavyotamkwa ovyo huko chini. Akacheka. "Kila wanapoita naitika. Mungu mwenyewe tunamwita kwa lafudhi ngapi?"

Tulimzika kihambani mwaka ambao mjukuu wake alikuwa kidato cha pili. Walikuja watu tusiowajua, kutoka Kahe, kutoka Sanya Juu, na mama wa Shirimatunda na binti yake. Walikuwa wamejaa hadi kwenye migomba. Mchungaji aliposimama kaburini alisema, "Tunamkabidhi kwako, Bwana, mtumishi wako Ndekirwa." Na mwanangu, pale pale, huku na huku katika umati ule, vichwa vya wasichana viliinuka. Mkubwa wetu wa kidato cha pili. Yule wa Kahe na hijabu yake. Mwingine karibu na mfereji, na mwingine nyuma yake, na wengine ambao sikuwahi kuwaona. Waliinua nyuso kama watu walioitwa. Mmoja mdogo, amebebwa mgongoni, aliitika kabisa. "Abee."

Nilimtazama Wilfredi, naye alikuwa ameshika kofia yake usoni.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unapomtafutia mtoto jina, usiulize kwanza kama ni jepesi kwa walimu wa mjini, wala kama wengi wanalo au hakuna aliye nalo. Jina gumu watu hujifunza wakimpenda anayeitwa, na jina la nadra hupata wenzake likiishi vizuri. Uliza ni shukrani ya nani unayotaka mtoto aibebe. Lakini usilifanye jina kuwa hirizi. Halizuii homa, na wala si dhamana ya uhai. Na wewe uliye bibi au babu, usilidai. Ukipitwa, jifunze jina la mjukuu wako, hata kama ni geni, hata kama itabidi ukajifunzie zizini. Na mtu yeyote akikosea kulitamka la kwako, mrekebishe kwa upole mara moja au mbili, kisha mwitikie.

Mungu aliyelijua jina la mwanao kabla hujalifikiria ampe pumzi ndefu ya kuliitikia. Akupe wewe watu wa kukuita mpaka uzeeni, kwa lafudhi zote za mlima huu na za tambarare. Na siku atakapokuita Yeye, akukute ukiwa tayari, na sauti yako ikiwa changa.